Laina mpya juu ya kikalio kibovu: kubadili na kukereza laina za injini kubwa za zamani

Greda limefanyiwa ovahoo, limerudi barabarani, na baada ya miezi miwili oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia ndani yake. Lawama ya kwanza huangukia laina, yaani bomba la chuma ambalo pistoni hutembea ndani yake: ni feki, ni nyepesi, ni ya duka fulani. Mara nyingi laina haina kosa. Kilichoharibika ni pale inapokaa, yaani ukingo ndani ya bloku unaobeba shingo ya laina (sehemu yake pana ya juu), ambao hapa tutauita kikalio. Laina hununuliwa dukani ikiwa tayari. Kikalio hakiuzwi popote, hutengenezwa na fundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima, na kupima huanza kabla hujatoa pesa ya vipuri.

Jua kwanza una laina ya aina gani

Injini nyingi za mitambo mizito zina laina za maji: maji ya rejeta yanagusa mgongo wa laina moja kwa moja, shingo inakaa kwenye kikalio juu, na oringi (pete za mpira) huzuia maji yasishuke kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndivyo zilivyo Caterpillar 3306 (silinda 120.65 mm, mwendo wa pistoni 152.4 mm) inayopatikana kwenye buldoza D7G na greda 140G, Caterpillar 3406, na Cummins NT855 (139.7 kwa 152.4 mm).

Laina kavu ni bomba jembamba lililobanwa ndani ya silinda ya bloku, halikutani na maji kabisa. Utazikuta kwenye Perkins za trekta na mashine ndogo, mfano 4.236. Kundi la tatu halina laina toka kiwandani. Cummins 6BT, kwa mfano, pistoni zake hutembea kwenye chuma cha bloku chenyewe. Ikichakaa hupanuliwa kwa pistoni za 0.5 au 1.0 mm zaidi, na zikishindikana ndipo bloku inapanuliwa na kubanwa laina kavu. Kundi hili ndilo linalohitaji fundi wa kukereza kuliko yote, nalo tutalifikia baadaye.

Soma laina ya zamani kabla hujaitupa

Weka alama kila laina: namba ya silinda, na upande unaotazama mbele ya injini. Kisha pima kwa boa geji, chombo cha kupimia kipenyo cha ndani, katika vimo vitatu (pale ringi ya juu inapogeukia, katikati, na chini), kila kimo mara mbili: sambamba na krankshafti, halafu kukatiza krankshafti. Vipimo sita kwa silinda, uviandike.

Ikiwa juu pameliwa pande zote sawasawa na ringi ya kwanza imekuwa nyembamba kama wembe, injini imekula vumbi. Tafuta bomba la hewa lililopasuka au kichungi kisichokaa vizuri, kwa sababu laina mpya zitaliwa na vumbi hilohilo. Ikiwa mikwaruzo ya wima iko silinda moja tu, kagua pua ya kupoza pistoni ya silinda hiyo na konrodi kama haikupinda. Ikiwa imekwaruzika kote kuzunguka katika silinda zote, injini ilichemka.

Kisha geuza laina utazame mgongo. Vishimo vidogo vilivyokusanyika kwenye mstari wa wima, hasa upande ambao pistoni inasukumia, si kutu ya kawaida. Pistoni inapoigonga laina, laina hutetemeka. Maji yaliyo nyuma yake hutengeneza viputo vinavyopasukia palepale kwenye chuma na kukidonoa kidogo kidogo hadi kitoboke. Dawa ya jambo hili iko kwenye maji ya rejeta, si kwenye laina. Vishimo vikiwa vifupi na ndani laina bado ina kipimo, inaweza kurudishwa ikiwa imezungushwa robo mzunguko ili upande mzima ndio upokee kipigo. Vikikaribia nusu ya unene, itupe.

Kutoa

Laina ya maji hutolewa kwa kivutio chenye bamba linaloshika ukingo wa chini wa laina. Bamba liwe dogo kuliko tundu la bloku, vinginevyo utavuta bloku na kuinyofoa pale oringi zinapokaa. Funika krankshafti kwa kitambaa kilicholowa oili, maana magamba ya chokaa yatamwagika kama mchanga.

Ikigoma, fundi wengi huchoma mistari mitatu au minne ya welding ya wima ndani ya laina, kisha huiacha ipoe. Chuma kinapopoa hujivuta na laina hulegea. Njia hii inafanya kazi, lakini beringi na krankshafti ziwe zimeshatolewa, na waya wa kurudi ufungwe kwenye laina yenyewe, usifungwe mbali kwenye fremu. Patasi na nyundo usiguse: ufa mmoja kwenye ukuta wa bloku unagharimu kuliko laina zote sita.

Kikalio

Safisha kikalio hadi uone chuma. Tumia brashi ya waya na kikwaruzo. Msasa wa mkono hula zaidi kingoni na kukifanya kikalio kiwe na kingo za mviringo. Kisha paka rangi ya bluu ya kukagulia, safu nyembamba sana, chini ya shingo ya laina mpya. Ishushe bila oringi, izungushe kidogo huku na huku, itoe. Kwenye kikalio lazima uone duara kamili la bluu. Likikatika mahali, pale pana bonde, na gesi au maji yatapita hapo.

Kikalio huliwa kwa sababu shingo ya laina hucheza kidogo kila silinda inapowaka. Kadiri kinavyoliwa, laina inazama, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inapoteza nguvu ya kuibana, nayo inacheza zaidi. Ndiyo maana kikalio kilichoanza kuliwa hakijiponi kwa gasketi mpya.

Kukikata kuna mashine yake ndogo inayofungwa juu ya bloku na kujipatia katikati kwenye tundu la laina. Kata 0.05 mm kwa pasi moja, simama mara bluu inapokuwa duara kamili. Usikate hadi “namba nzuri”; kata hadi pawe safi tu, kwa sababu kila sehemu ya milimita unayoondoa utairudisha kwa shimu, pete nyembamba ya chuma inayokaa chini ya shingo. Angalia pia ufa kwenye kona ya ndani ya kikalio kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha. Bloku yenye ufa unaoshuka kuelekea njia ya maji iachwe, au ipelekwe kwa mtaalamu wa kuweka kikalio cha kubandika.

Hesabu ya shimu ni rahisi. Tuseme baada ya kukata, kina cha kikalio ni 9.10 mm, shingo ya laina ina unene wa 8.98 mm, na unataka laina ichomoze 0.11 mm juu ya bloku. Unahitaji 9.10 − 8.98 + 0.11 = 0.23 mm. Kwa NT855 shimu hutoka kwa inchi 0.007, 0.008, 0.009, 0.020, 0.031 na 0.062, hiyo 0.23 mm ndiyo inchi 0.009. Tumia shimu moja nene badala ya kupanga nyembamba tatu, na hakikisha ukingo wake wa ndani haukalii kona ya mviringo iliyo chini ya shingo. Ukikalia hapo, shingo hubebwa kwa mstari mmoja na itakatika siku unapokaza hedi, kwa sauti utakayoisikia.

Kuchomoza: kipimo kinachoamua kila kitu

Laina inapaswa kusimama juu kidogo kuliko uso wa bloku ili gasketi ibanwe zaidi kuizunguka. NT855 hutaka 0.08 hadi 0.15 mm. Cat 3406 hutaka 0.025 hadi 0.152 mm, lakini yenyewe ina bamba la kati kati ya bloku na hedi, na kipimo huchukuliwa juu ya bamba hilo likiwa limekaa na gasketi yake ya chini. Shingo 8.890, bamba 8.585, gasketi 0.208: inabaki 0.097 mm. Ukiona kipimo chako kimetoka nje, pima vitu hivyo vitatu kimoja kimoja kwa mikromita, utajua mwongo ni yupi. Bamba la zamani lililoliwa ni mwongo wa mara kwa mara.

Pima bila oringi, kwa sababu mpira huinua laina na kukudanganya. Ibane laina kwa bolti za hedi na washa nene au vipande vya chuma, ukikaza kidogo kidogo kwa zamu hadi toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu. Geji ya saa ianzie sifuri kwenye uso wa bloku au bamba, kisha isogezwe juu ya ukingo wa laina sehemu nne. Kwa Cat hizi, tofauti katika laina moja isizidi 0.05 mm, wastani wa laina mbili jirani usitofautiane zaidi ya 0.05 mm, na laina zote chini ya hedi moja zisipishane zaidi ya 0.10 mm. NT855 ina hedi tatu, kila moja ikifunika silinda mbili, kwa hiyo jozi ndiyo ya kulinganisha. Laina moja iliyo juu kuliko jirani yake huibeba hedi kama jiwe chini ya mguu wa meza, na jirani ndiye atakayevujisha.

Laina moja ikikataa, izungushe robo upime tena, au ibadilishane na ya silinda nyingine. Mara nyingi hapo tu tatizo linaisha, bila kukata chochote. Ukishapata mpangilio mzuri, ziandike namba na alama ya mbele.

Oringi na kushusha

Sugua sehemu ya chini ya bloku, pale oringi zinapopita, kwa kitambaa kikali hadi iteleze. Ukingo wa kuingilia usiwe na ncha kali. Ncha hukata mpira usione.

Kila injini ina desturi yake ya kulainisha. Cat 3306 na 3406 hutumia sabuni ya maji kwenye oringi za chini na kwenye bloku, kwa kuwa baadhi ya mipira huvimba ikiguswa na oili. Mkanda mpana wa mpira unaovaliwa juu, chini ya shingo, wenyewe huchovywa kwenye oili safi ya injini, huvalishwa laina papo hapo, na laina hushushwa mara moja kabla mkanda haujavimba. Ukichovya mikanda sita kwa pamoja kisha ukaenda kunywa chai, utarudi hakuna hata mmoja unaoingia. Kwa NT855, oringi pana huenda mfereji wa juu, ukingo wake uliochongwa ukitazama chini, nyeusi wa kati, na nyekundu wa chini kabisa. Baada ya kuvalisha, pitisha kalamu laini chini ya kila oringi kuizunguka laina, ili kuondoa msokoto.

Shusha kwa mikono miwili, wima, kisha sukuma kwa kivutio kilekile kilichogeuzwa au kwa ubao mnene. Laina ikipanda juu milimita chache unapoiachia, hiyo ni hewa na mpira, kawaida. Ikikataa kabisa, itoe utazame oringi iliyokatika. Kuipiga kwa nyundo ili iingie kutakupa oringi iliyokatwa au shingo yenye ufa.

Kisha pima uduara wake kwa boa geji kwenye eneo la oringi. Tofauti ya zaidi ya 0.05 hadi 0.08 mm kati ya pande mbili ina maana oringi imejisokota au uchafu umebaki nyuma. Pistoni haitasamehe hilo.

Kabla sampu haijafungwa, jaza maji kwenye bloku, ziba matundu yote, weka shinikizo la hewa la baa 1 hivi na uache saa kadhaa. Lala chini na tochi. Tone moja leo ni sampu kamili ya maji mwezi ujao.

Laina kavu na kazi ya lathe

Hapa fundi wa kukereza ndiye mwenye injini. Bloku ifungwe mashinani ikiwa na kofia za beringi kuu zimekazwa kwa toki, kwa sababu bloku tupu hupinda tofauti na bloku iliyofungwa. Katikati ya silinda itafutwe kwenye sehemu ya chini isiyoliwa na ringi. Ukitafuta katikati kwenye sehemu iliyochakaa, utahamisha silinda upande wa uchakavu na konrodi itaenda mshazari.

Panua bloku huku ukiacha ngazi ya milimita 5 hivi chini, ili laina isishuke. Uso wa tundu usiwe kama kioo wala kama tuta. Joto lisilopita vizuri kutoka laina kwenda bloku ndilo linalochoma ringi kwenye kazi iliyokerezwa ovyo.

Mbano (kiasi ambacho laina huzidi tundu) kwa silinda ya ukubwa wa 100 mm ni 0.05 hadi 0.08 mm. Ukizidi, bloku yenye ukuta mwembamba kati ya silinda mbili hupasuka. Ukipungua, laina itacheza na kushuka. Tumia mikromita moja kupima laina na kuseti boa geji, ili kosa la chombo lisiingie kwenye mbano.

Kuingiza kwa baridi kuna hesabu yake. Chuma cha kusubu, kasti kwa lugha ya gereji, hupungua sehemu 11 kwa milioni ya kipimo chake kwa kila nyuzi moja. Laina ya kipenyo cha 107 mm ikitolewa kwenye joto la 27 hadi friza ya nyuzi −18, inapungua 107 × 0.000011 × 45, yaani takribani 0.05 mm. Friza ya nyumbani basi inaondoa mbano mdogo, lakini haiachi nafasi ya kuteleza. Barafu kavu ya nyuzi −78 hupunguza 0.12 mm. Bloku ikipashwa taratibu hadi 80 hufungua 0.06 mm zaidi. Friza pamoja na bloku ya moto hutosha kwa kazi nyingi, ila laina nyembamba hupata joto haraka: una sekunde chache tu. Iwe imeelekezwa wima, isukumwe kwa mwendo mmoja hadi ngazi, ishikiliwe hadi ishike. Ikikwama katikati, presi ya haidroli imalizie. Ikikataa, kereza itoke na uanze upya.

Iache ichomoze kidogo juu, kisha ichongwe sawa na bloku. Silinda zibanwe moja baada ya nyingine kwa kupokezana (1, 3, kisha 2), upime jirani kila mara, kwa kuwa kubana silinda moja huibonyeza ya pembeni. Ndiyo sababu kupanua kwa kipimo cha mwisho hufanywa baada ya laina zote kuwa ndani. Acha 0.05 hadi 0.08 mm kwa ajili ya kuhoni, yaani kusugua silinda kwa mawe.

Perkins A3.152 za zamani zina jambo lao: baadhi zilitoka na laina nyembamba zenye kromu ndani. Hizo hazihoniwi, na ringi zake zisiwe za kromu. Kromu kwa kromu hukwanguana.

Kuhoni na kuosha

Mawe ya namba 220 hadi 280, mafuta ya kutosha, na mwendo wa kupanda na kushuka unaoacha mistari inayopishana kwa nyuzi 45 hivi. Laina za maji nyingi huja zimeshahoniwa, usiziguse.

Kuosha ndiko wengi wanakoharibia. Dizeli na petroli huondoa oili, huacha unga wa mawe ndani ya mistari. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, suuza, kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe kilicholowa oili. Kikitoka kijivu, rudia. Mara tatu au nne ni kawaida. Ringi mpya juu ya unga huo hazifiki mbali.

Kila ringi ingizwe kwenye silinda yake, isawazishwe kwa kichwa cha pistoni, na mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia). Bila kitabu, 0.4 mm kwa kila 100 mm za silinda ni mahali salama pa kuanzia. Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa: ncha zikigusana injini ikiwa moto, ringi hukwama na kuichana laina.

Kuwasha

Injini mpya haipendi kuachwa ikinguruma bila kazi nusu siku. Ringi huhitaji shinikizo ili zikae, na bila mzigo laina hung'aa kama kioo kisha injini inakula oili maisha yake yote. Pasha moto dakika chache, kagua uvujaji, kisha ipe mzigo wa nusu, ongeza polepole. Badili oili na kichungi baada ya saa 50.

Usijaze maji ya kisima wala ya bomba la pwani lenye chumvi. Chokaa huganda nyuma ya laina na kuzuia joto, chumvi huila. Maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke wake, au ya mvua yaliyochujwa, yachanganywe na dawa ya kupozea ya injini za dizeli yenye kinga ya laina, kwa kipimo cha chupa. Kifuniko cha rejeta kishike shinikizo lake: kikilegea, maji hutoa viputo mapema, na vile vishimo ulivyoviona mgongoni mwa laina ya zamani vinaanza upya kwenye laina mpya.